Kupiga picha za maua na telefone: kila picha inatufundisha nini juu ya shamba?

Picha ya kwanza ya ua niliyopiga kwa ajili ya kazi ilikuwa mbaya kabisa. Tulikuwa na kipindi juu ya kilimo na tulikosa picha ya kuweka kwenye ukurasa. Nikapanda pikipiki, nikaenda kwa mama mudogo upande wa Mudaka, teritware ya Kabare, nikapiga ua la boga saa sita ya mchana, nikarudi Bukavu na furaha yangu. Tulipoifungua kwenye kompyuta, ua lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyonyeshewa, na majani ya nyuma yote yamekuwa meupe kwa jua. Mwenzangu wa kazi akauliza kama ni ua ao ni ganda la ndizi.

Juma lililofuata nikarudi, safari hii asubuhi na mapema. Mama mudogo alikuwa anapalilia maharage. Akasimama na jembe lake, akaangalia vile ninapiga magoti ndani ya umande, akauliza: “Uko nafanya nini na hii telefone mu maboga?” Nikamujibu kama natafuta picha nzuri. Akacheka. Kisha akasema nipige tu, sababu maua njo kitu pekee shamba lile linazaa. Ulikuwa msimu wa pili: maua mingi, lakini viboga vilivyoanza kufunga vilikuwa vinageuka manjano vikiwa vidogo kama kidole gumba, vinaoza, vinaanguka. Na jibu lake alikuwa nalo tayari. Kulikuwa jirani mmoja ambaye waligombana naye juu ya mpaka wa shamba.

Kwetu neno kama hilo si mchezo. Msikilizaji wetu yeyote wa Kivu Kusini anajua vile maneno ya uchawi yanaanza pole pole, jikoni ao kwenye kisima, na vile yanaweza kumalizika: nyumba kuchomwa, muzee kukimbia kijiji, mtu kuuawa. Sikubishana naye. Nilimaliza picha zangu, karibu 30, nikarudi.

Jioni ile umeme ulikatika kama kawaida, sikuwa na kazi ingine, nikaanza kuangalia zile picha moja baada ya ingine kitandani. Njo nikaona kitu ambacho sikukiona shambani. Maua yale hayakuwa aina moja. Mengi yalisimama juu ya kikonyo kirefu na chembamba, na ndani, katikati, kulikuwa kidole kimoja chenye unga wa manjano. Machache yalikuwa na kikonyo kifupi, na chini ya ua, kabla halijafunguka vizuri, kulikuwa tayari kiboga kidogo cha mviringo. Ndani yake hakuna unga; kuna kitu kinene kinachong'aa, kimegawanyika.

Asubuhi nikamuonyesha agronome mmoja. Akaniambia hilo ni jambo la kwanza wanalofundishwa watu wa maboga: boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Dume ndiyo ya kikonyo chembamba, na ndiyo yanatangulia kutoka, wakati mwingine siku nyingi kabla ya jike. Hayazai kamwe. Jike ndilo lenye kiboga chini. Lakini kile kiboga bado ni ahadi tu. Kama unga wa dume, ambao vitabu vinaita chavua, haukufika kwenye jike asubuhi ileile, kiboga kinageuka manjano na kuanguka. Upepo hauwezi kuubeba unga ule, ni mzito na unanata. Ni lazima nyuki. Na ua la boga linafunguka alfajiri na kujifunga kabla ya mchana, kisha halifunguki tena. Ile picha yangu mbaya ya saa sita haikuwa mbaya bure: ilikuwa picha ya ua lililokwisha kumaliza kazi yake.

Kisha agronome akaniuliza: katika picha 30, umeona nyuki wangapi? Nikazipitia tena. Hakuna hata mmoja.

Hapo mambo yakaanza kuelekea kwenye maharage. Mama mudogo alikuwa anapulizia maharage yake dawa ya wadudu, na alikuwa anafanya hivyo asubuhi mapema kabla jua halijapanda, sawa vile wengi wanafanya. Saa ileile maua ya boga yako wazi, mita chache pembeni. Nyuki aliyekuja alikufa ao alienda kwingine. Nitarudia kwa maboga hayo baadaye.

Telefone yako inatosha

Watu wengi wananiuliza kama ni lazima kuwa na kamera kubwa. Hapana. Picha zote ninazozungumzia hapa zilipigwa na telefone ya bei ya kawaida, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Lakini kuna makosa ambayo karibu kila mtu anayafanya, na mimi niliyafanya yote.

La kwanza ni uchafu. Telefone inakaa mfukoni pamoja na faranga, jasho na mafuta ya mikate, halafu tunashangaa kuona picha ina ukungu. Pangusa jicho la kamera kwa kitambaa laini na kikavu. Ni sekunde tatu, na mara mingi tofauti inaonekana hapo hapo.

La pili ni kukaribia sana. Unaona ua ni dogo, unasogeza telefone mpaka karibu inaligusa, picha inatoka bila ncha. Telefone mingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko upana wa kiganja chako. Rudi nyuma kidogo, gusa skrini pale pale kwenye ua ili telefone ijue unataka nini, piga, kisha ukate pembeni baadaye. Na uangalie ni kitu gani umegusa. Mara mingi majani ya nyuma yanatoka safi kabisa na ua lenyewe ni doa.

La tatu ni saa. Huku kwetu tuko karibu sana na mstari wa ikweta, Bukavu iko kama digrii mbili na nusu tu kusini mwake. Mchana jua liko juu ya kichwa, linapiga ua kama nyundo. Maua meupe yanakuwa kama karatasi, haionekani mshipa wala mkunjo. Mekundu yanakuwa rangi moja nzito. Piga kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu asubuhi, ao jioni kuanzia saa kumi. Siku ya mawingu ni zawadi, sababu wingu linatawanya mwanga na kivuli kinakuwa laini. Kama huna namna na ni mchana, omba mtoto asimame akinge jua na mwili wake ao na kitenge. Kwa ua jeupe, ukishagusa skrini, telefone mingi zinakuonyesha alama ya kajua pembeni: ivute chini kidogo mpaka uone mistari ya ua inarudi.

Upepo nao. Ua dogo linatikisika hata kama wewe hausikii upepo. Mimi ninashika kikonyo kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, chini kidogo ili visionekane, na viwiko vyote viwili ninavibana kwenye mbavu. Ukipiga tano, moja itakuwa nzuri.

Lakini nilichochelewa kujifunza ni kingine: picha nzuri na picha inayofundisha si kitu kimoja. Ile ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp ni ua tu, la mbele, rangi kali. Ile inayofundisha ni ya upande, inayoonyesha vile ua limeshikamana na tawi. Ni ya nyuma. Ni ya ndani. Ni ya jani lake. Ni ya mmea wote na mtu amesimama karibu ili tujue urefu. Kwa hiyo siku hizi, kila ua ninalipiga angalau mara nne, na ya tano ninaweka kitu kando ya kupimia: kalamu, kidole, ao faranga 500.

Ua moja, asubuhi na jioni

Kuna kitu ambacho telefone inafanya bila kukuambia: inaandika siku na saa ya kila picha. Wengi hatukiangalii kamwe. Kwangu mimi kiligeuka kuwa mwalimu, na mti ulionifundisha ni wa avoka.

Nyuma ya nyumba tunamopanga kuna mti wa avoka. Maua yake ni madogo, ya kijani na manjano, hakuna mtu anayesimama kuyaangalia. Nilipiga kichala kimoja asubuhi, sababu tu nilikuwa ninasubiri maji yajaze kidumu. Kesho yake alasiri nikapiga tena kichala kilekile, nilikuwa nimekifunga uzi mwekundu. Nilipoweka picha mbili kando kando, nikafikiri nimekosea tawi. Katika ya asubuhi, ua lilikuwa wazi, katikati kijiti kimoja kimesimama peke yake, na vile vijiti vingine vimelala chini pembeni. Katika ya alasiri ya kesho yake, ua lilelile, vijiti vya pembeni vimesimama vimezunguka vile vya katikati, na kwenye vichwa vyao kuna vidonge vya unga.

Siyo kosa la tawi. Ua la avoka linafunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike: linapokea unga, halitoi. Linajifunga. Siku ya pili linafunguka tena kama dume: linatoa unga, halipokei. Na miti haifuati saa moja. Kuna kundi la miti ambalo wataalamu wanaita A: maua yake yanakuwa jike asubuhi, yanajifunga, kisha yanakuwa dume kesho yake alasiri. Kundi B ni kinyume: jike alasiri, dume kesho yake asubuhi. Kwa hiyo asubuhi miti ya A inahitaji unga na ya B inautoa, alasiri wanabadilishana. Siku za baridi ao za mawingu saa hizo zinasogea na kuchanganyikana kidogo, ndiyo maana hata mti ulio peke yake unaweza kuzaa. Lakini ukiwa na miti ya makundi yote mawili karibu, na nyuki wako, matunda yanaongezeka.

Fikiria sasa mtu ambaye alikata mti wa avoka kwa kuona unajaza maua kila mwaka na kuzaa matunda kumi. Ninamjua mmoja. Labda mti ulikuwa mzima kabisa, ulikosa tu mwenzake. Kujua kundi la mti wako hakuhitaji laboratwari: uzi mwekundu, picha mbili kwa siku, siku mbili zinazofuatana zenye jua.

Marakuja nayo ni nzuri kwa kazi hii ya kurudia. Ua lake ni kubwa, kila kitu kinaonekana. Hesabu kwenye picha: vifuko 5 vya unga, na juu yake vichwa 3 vya kupokea. Zamani wamisionari wa Hispania huko Amerika ya Kusini walipoliona, walisema ni mateso ya Bwana: vile vichwa vitatu ni misumari, vitano ni vidonda, na zile nyuzi za pembeni ni taji la miiba. Ndiyo maana Wafaransa mpaka leo wanaita tunda hilo tunda la mateso, siyo la mahaba sawa vile wengine wanafikiri. Sasa piga ua hilo mara tu linapofunguka, kisha upige tena kila nusu saa. Utaona vile vichwa vitatu, vilivyokuwa vimesimama juu, vinainama pole pole mpaka vinafikia usawa wa vifuko vya unga, ili bambi mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao za nyumba, akipita amebeba unga mgongoni avipanguse. Marakuja ya zambarau, ambayo ndiyo inapenda milima yetu, inafunguka asubuhi mapema. Ile ya manjano ya sehemu za joto inafunguka karibu na saa sita. Ya manjano ina tabia ingine: unga wa mmea wenyewe hauisaidii, ni lazima utoke kwa mmea mwingine. Yule bambi watu wengi wanamuua, sababu anaharibu mbao. Mwenye mbao ana haki ya kulalamika, lakini mwenye marakuja ajue anapoteza mfanyakazi.

Kwa kahawa sina mengi. Maua yake meupe yanatoka kwa pamoja siku chache baada ya mvua ya kwanza kufuata kiangazi, yanakaa siku mbili tatu, yamekwisha. Ukichelewa umekosa, na ile harufu hakuna telefone inayoibeba. Lakini piga hata moja, sababu tarehe ya picha ile inakusaidia kukadiria miezi ya mavuno, kama 7 mpaka 9 mbele.

Pale ua si ua

Mara ingine picha inakuonyesha kama ulikuwa unadanganywa na macho. Bugenvilia, ile ya rangi ya waridi inayopanda kwenye kuta za nyumba za zamani za Bukavu: kuza picha kwenye skrini. Ile rangi ni majani. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, ambako hakuna anayekaangalia. Na yale maua ya manjano kama alizeti yanayojaa kando ya barabara na kwenye nyua za mashamba, yenye asili ya Meksiko, ukikuza katikati yake unakuta siyo ua moja bali maua madogo mingi sana yaliyobanana, kila kamoja na mdomo wake. Nyuki anatua mara moja na kuyatembelea mengi bila kuruka. Majani ya mmea huo, kwa wale ambao hawajui, ni mbolea nzuri ya kijani: yakatwe, yafukiwe ao yatandazwe kwenye udongo.

Ule moyo chini ya mkungu

Hapa ndipo picha ya ua inaweza kuokoa chakula cha familia.

Wengi hatufikirii kama mgomba una maua. Unayo. Ule moyo wa rangi ya zambarau unaoning'inia chini ya mkungu ni kifurushi cha maua. Yaliyotangulia kutoka, ya juu, ni jike, na ndiyo yamekuwa ndizi. Yanayobaki ndani ya moyo ni dume. Kila siku ganda moja linainuka, maua yanaonekana, wadudu wanakuja kunywa asali, kisha ganda na maua vinaanguka na kuacha kovu mbichi kwenye ule mkonge.

Ni kupitia kovu hilo ndipo ugonjwa unaingia. Ninazungumzia ule wa kunyauka wa migomba unaoletwa na bakteria, ambao maagronome wanaita BXW. Ulijulikana kwanza Etiopia, miaka ya 1960. Mwaka wa 2001 ukaonekana Uganda, na miaka hiyohiyo ukaonekana kwetu, Masisi, Kivu Kaskazini, kisha ukashuka mpaka Kivu Kusini. Wakulima wengi walipoteza shamba nzima, na pamoja nayo kasiksi ya kuuza, pesa za shule, hata kivuli cha nyumba. Mdudu ananyonya kwenye moyo wa mgomba mgonjwa, anaruka, anatua kwenye kovu la mgomba mzima, na bakteria imepata mlango.

Picha inasaidia nini? Mgomba ukiambukizwa kupitia ua, mara mingi moyo wenyewe ndio unaanza kuonyesha: maganda yanasinyaa, yananyauka, yanakauka kuanzia nchani. Baadaye ndizi zinaanza kuiva mapema bila mpango, moja hapa moja pale, na ukikata ndani kuna madoa ya kahawia. Ukikata mgomba wenyewe, uchafu wa rangi ya manjano unatoka kama usaha. Mtu anayepita shambani kila siku haoni mabadiliko, sababu ni ya pole pole. Mtu aliye na picha ya moyo uleule ya Jumatatu na ya Jumatatu iliyofuata anaona. Tena anaweza kuituma kwa agronome aliye mbali, bila kukata kipande na kukibeba kwenye gari, jambo ambalo lingesambaza ugonjwa.

Dawa ya kupulizia hakuna. Kazi ni kufunga mlango: chana ya mwisho ikishatokea, ule moyo uondolewe. Siyo kwa panga. Panga linabeba bakteria kutoka mgomba mmoja mpaka mwingine kuliko mdudu yeyote. Tumia mti mrefu wenye panda nchani, shika mkonge, zungusha mpaka uvunjike. Mgomba uliougua ukatwe, na kila chombo kilichougusa kipitishwe kwenye moto ao kioshwe kwa javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Nilimpigia muzee mmoja picha ya migomba yake, akaniuliza ni kwa nini ninapenda kupiga moyo na siyo mkungu ambao ni mzuri. Tulipozipanga picha za majuma matatu kwenye skrini, ni yeye aliyeweka kidole kwenye mmoja na kusema huu unakauka. Sikuuona mimi.

Kuita ua kwa jina, na hatari yake

Lwiro, huko Kabare, katika kituo cha utafiti kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, kuna hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Kila karatasi ina kibandiko: mmea ulichumwa wapi, siku gani, na nani, urefu gani juu ya bahari, rangi ya ua ilikuwa gani kabla ya kukauka. Bila kibandiko, karatasi ile ni nyasi kavu. Nimeiga hilo. Katika telefone yangu kila juma nina folda, na kwenye daftari ninaandika mahali, hali ya hewa, na swali moja ambalo picha imeniachia. Jina la kienyeji pia, kwa Mashi, Kihavu ao Kirega, namna wenyeji wanalisema. Mama za shambani wanajua majina ambayo hayako kwenye programu yoyote.

Maana programu ziko. PlantNet, iliyotengenezwa na vituo vya utafiti vya Ufaransa, inachukua picha yako na kukupa majina yanayowezekana. Inahitaji mega, na inasaidia zaidi ukiipa ua safi, lililo peke yake, pamoja na jani. Lakini inakisia kwa kulinganisha na picha ilizonazo, na kwa mimea ya milima yetu inaweza kukosea na kukupa jina kwa sauti ya mtu anayejua.

Kwa hiyo neno hili nalisema kwa uzito: usile, usichemshe, usimpe mtoto kitu kwa sababu programu ao picha ya WhatsApp imesema ni dawa. Lile ua kubwa jeupe lenye umbo la tarumbeta linaloning'inia kwenye nyua mingi za huku ni zuri sana kupiga, harufu yake jioni inalewesha, na lina sumu lote: ua, jani, mbegu. Linaweza kumtia mtu wazimu wa siku nzima, na linaweza kuua. Ukilipiga, nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Omba ruhusa, na angalia nyuma ya ua

Huku kwetu mtu aliyeinama na telefone anaonekana vibaya. Niliwahi kuzungukwa na vijana waliodhani ninapima shamba la watu kwa ajili ya mnunuzi. Walikuwa na haki ya kuuliza. Salimia kwanza, sema jina lako, onyesha picha baada ya kuipiga. Usipige kabisa karibu na kambi, kizuizi, mpaka ao uwanja wa ndege, hata kama ua ni la ajabu namna gani. Ua litachanua mahali pengine. Angalia pia ni nani ao ni nyumba gani iko nyuma. Na ujue kama telefone inaweza kuandika mahali picha ilipopigwa. Ukituma kama picha ya kawaida ya WhatsApp alama hiyo inaondolewa, pamoja na sehemu ya uzuri wake. Ukituma kama dokima, picha inabaki nzima na alama ya mahali nayo inabaki. Kwa mahali pasipo salama, zima kabisa alama hiyo kwenye kamera.

Sasa maboga. Mama mudogo hakuniamini kwa maneno. Aliamini alipoona picha mbili kando kando kwenye skrini, ya kikonyo kirefu na ya kiboga chini, na akaanza kuhesabu mwenyewe mistari ya shamba: hii dume, hii dume, hii jike. Alihamisha kupulizia dawa mpaka jioni, wakati maua yamejifunga, na siku ambazo hakuna wadudu wa kutisha hapulizii. Kwa majuma ya kwanza, kabla nyuki hawajarudi, tulifanya kazi yao. Unachuma ua dume lililofunguka asubuhi ileile, unang'oa yale majani yake ya manjano, unabaki na kidole chenye unga, unakipanguza taratibu ndani ya jike. Watoto walipenda sana. Kila jike lililofanyiwa hivyo tulilifunga uzi, na nililipiga picha siku hiyo na tena baada ya juma. Siyo yote yalikubali. Lakini mengi yalishika, na yale ambayo hatukuyagusa mengi yalianguka, na hilo lilimuonyesha zaidi kuliko maelezo yangu yote.

Juu ya jirani hakuzungumza tena. Mpaka wa shamba bado hawajasikilizana, ule uko kwa chifu. Lakini wakati wa mavuno alituma mtoto na boga moja kwenye nyumba ile.

Juma lililopita ni jirani huyo aliyenipigia telefone. Marakuja yake imejaza maua na hayafungi. Nikamuuliza ni ya zambarau ao ya manjano, akasema hajui, alipewa mche tu. Nimemuomba anitumie picha mbili za ua moja: ya saa moja asubuhi, na ya saa saba mchana. Ya asubuhi imeshafika. Ua bado limefunga.